Visamaki wa Mtoni: Majirani Tusiowajua

Leo hatuzungumzi habari za migomba wala ng'ombe wa maziwa. Leo tunashuka mtoni. Tutamtazama kiumbe mdogo ambaye kila mmoja wetu amemwona tangu utotoni, lakini ni wachache waliouliza habari zake. Ni yule kisamaki anayekimbia miguuni unapoteka maji. Anang'aa mara moja kama kipande cha bati juani, halafu hayupo.

Tumepata kuwauliza wanakisomo wa tambarare, chini ya mji wa Moshi, wanamwitaje kisamaki huyu. Wengi walisema ni dagaa. Wengine walisema "visamaki tu". Mama mmoja alicheka, akatujibu: "Mwalimu, huyo hana jina kwa sababu hatoshi kitoweo."

Basi leo tumjue. Tukishamjua, tutaona kwamba habari zake na habari za maji yetu ni kitu kimoja.

1. HUYU NI NANI?

Neno "dagaa" tunalitumia kwa samaki wengi wadogo, lakini si wote ndugu. Dagaa wa Kigoma, kutoka Ziwa Tanganyika, ni wa ukoo mmoja na samaki wadogo wa baharini. Dagaa wa Mwanza, kutoka Ziwa Viktoria, ni wa ukoo mwingine kabisa. Visamaki wa mito yetu ya Kilimanjaro wako karibu zaidi na hao wa Mwanza. Wote wamo katika kundi kubwa la samaki wa maji baridi ambalo limeenea Afrika, Asia na Ulaya.

Visamaki wetu wengi wana sharubu. Ndiyo maana katika somo hili tutamwita "kisamaki wa sharubu". Wataalamu wanaita jamii yake Enteromius. Vitabu vya zamani vinamwita Barbus, maana jina lilibadilishwa karibu mwaka 2015. Msishangae mkikuta majina mawili. Samaki ni yule yule.

Aina zake ni nyingi. Tutaje tatu tu.

Wa kwanza ni Enteromius paludinosus. Huyu ameenea sana, kutoka Ethiopia mpaka Afrika Kusini, na katika bonde letu la Mto Pangani yumo. Mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Peters, alimwandika mwaka 1852 baada ya safari yake ya Msumbiji. Jina hilo la Kilatini lina maana ya mkaa kwenye kinamasi.

Wa pili ni Enteromius kerstenii wa mito ya Afrika Mashariki. Ana doa jekundu au la rangi ya chungwa shavuni. Jina lake limetokana na Otto Kersten, ambaye mwaka 1862 alipanda mlima wetu Kilimanjaro pamoja na von der Decken. Hawakufika kileleni. Lakini jina la Kersten limebaki kwa kisamaki.

Wa tatu ni mdogo kuliko hao, hata urefu wa kidole hafiki. Huyu ni Enteromius venustus, aliyeandikwa na mtaalamu Bailey mwaka 1980 kutoka Mto Pangani. Venustus maana yake ni mwenye kupendeza. Dume lake ni jekundu kweli kweli. Kuna watu katika nchi za mbali wanaofuga samaki hawa katika masanduku ya vioo sebuleni, wanawaita wekundu wa Pangani. Sisi tunaokaa ubavuni mwa maji ya Pangani, wangapi tunamjua?

2. MWILI WAKE

Tumchukue huyo wa kwanza, paludinosus, awe mfano wetu. Kwa kawaida ni mfupi kuliko kiganja cha mtu mzima. Akikua sana hufika sentimita 15 hivi. Ubavu wake ni wa rangi ya fedha, mgongo ni wa kijani kilichofifia. Rangi hiyo ni kinga yake. Ndege akitazama kutoka juu anaona kijani cha maji. Kambare akitazama kutoka chini anaona mng'ao wa mbingu.

Juu ya mgongo ana pezi lenye mwiba mgumu. Upande wa nyuma wa mwiba huo kuna meno madogo kama ya msumeno. Adui akimmeza anasikia uchungu.

Kinywani ana sharubu nne, mbili kila upande. Kazi yake ni kupapasa na kuonja. Masika maji yanapokuwa mekundu kwa udongo, macho hayaoni mbali. Hapo sharubu zinafanya kazi ya macho.

Ukimfungua kinywa hutaona jino hata moja. Je, anatafunaje? Meno yake yako kooni. Chakula kinapita kinywani kizima, kinasagwa huko ndani.

Tena masikio. Kwa nje hana sikio. Lakini ndani ana mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea, na vimifupa vidogo vinavyouunganisha mfuko huo na sikio la ndani. Sauti inatikisa mfuko, mfuko unatikisa vimifupa, naye anasikia. Ndiyo sababu ukikanyaga jiwe ukingoni, kundi zima limekwisha kimbia kabla hujainama.

3. ANAISHI WAPI?

Tuufuate mto kutoka juu kwenda chini.

Mlima wetu una urefu wa mita 5,895. Watu wengi hudhani maji yetu yote yanatoka kwenye theluji. Sivyo. Sehemu kubwa ni mvua inayonyesha katika msitu, ikazama ardhini, kisha ikatokea kama chemchemi. Kutoka huko inateremka mito: Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau, Himo na mingine. Maji ya upande wa magharibi huingia Mto Kikuletwa. Upande wa mashariki kuna Mto Ruvu unaotoka Ziwa Jipe. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo ndipo Mto Pangani unapoendelea mpaka Bahari ya Hindi.

Kule juu, penye maji ya baridi yaendayo kasi, kisamaki wa sharubu hapapendi. Isitoshe, maporomoko kama yale ya Marangu na Materuni yanamzuia kupanda. Makao yake hasa ni huku chini, mto unapoacha kukimbia ukaanza kutembea.

Lakini hata huku chini hakai kila mahali. Katikati ya mto maji yana nguvu, yatamchukua. Yeye hukaa pembeni, penye majani yaliyoinamia maji, matete, mizizi ya miti, na vidimbwi vilivyotulia. Huko anapata vitu vinne: kivuli, chakula, mahali pa kujificha, na mahali pa kuweka mayai.

Kwa hiyo tushike neno hili, maana ndilo kiini cha somo: kwa kisamaki huyu, nyumba si mto mzima. Nyumba ni ukingo wa mto.

Mtu akitaka kuwaona samaki wadogo kwa urahisi aende chemchemi ya Chemka, upande wa Boma Ng'ombe. Jina lisimtishe, maji yale hayaunguzi, yanabubujika tu. Ni maangavu. Ukitumbukiza miguu, visamaki wanakuja kukudonadona.

4. ANAKULA NINI, NAYE ANALIWA NA NANI?

Kisamaki wa sharubu si mchaguzi. Anakula wadudu wa majini, viluwiluwi vya mbu, vidudu vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho, konokono wachanga, ukoga wa kijani, na mabaki ya majani yaliyooza.

Hapa tuwe waangalifu. Wako watakaosema: "Kumbe! Basi tukiwa na visamaki hatuhitaji chandarua." Hapana. Mbu huzaa hata katika kwato la ng'ombe lililojaa maji, na huko kisamaki hafiki. Vivyo hivyo, kula konokono wachache hakumalizi kichocho. Visamaki wanatusaidia, lakini si badala ya chandarua, choo na hospitali.

Naye analiwa. Mdiria anamdokoa kutoka juu. Korongo anamvizia majini. Kambare anamfuata usiku. Watoto wetu nao wanamvua, wanamkaanga mzima mzima. Hilo si jambo la kucheka. Samaki mdogo anayeliwa pamoja na mifupa yake hutupatia vyakula vya kujenga mwili na madini ya kuimarisha mifupa na meno. Minofu peke yake haitupatii madini hayo kwa wingi huo.

Tuone basi: wadudu wanaliwa na kisamaki, kisamaki analiwa na kambare, kambare anafika sokoni Moshi. Ukiondoa kisamaki katikati, mnyororo umekatika.

5. ANAVYOZAA

Wengi wetu tunamjua perege. Perege wetu wa jamii ya Oreochromis ni mama mwangalifu. Jike anayachukua mayai kinywani, anayalea humo mpaka watoto waweze kuogelea. Kwa hiyo mayai yake ni machache.

Kisamaki wa sharubu hana malezi hayo. Mvua zinapoleta maji mapya, masika au vuli, ukingo unafurika na majani yanazama. Hapo majike na madume huingia katika majani hayo. Jike anatawanya mayai, dume anayarutubisha, kisha wanaondoka. Mayai yananata kwenye majani. Baada ya siku chache yanaanguliwa. Hakuna baba, hakuna mama. Mlezi ni majani ya ukingoni.

Haya, tuchukue kalamu na daftari.

Jike la paludinosus lenye urefu wa sentimita 9 laweza kuwa na mayai kufikia 2,500. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba katika kila mayai 100 wanapona visamaki 2 mpaka kuwa wakubwa.

2,500 ÷ 100 = 25
25 × 2 = 50

Jike moja limetupatia visamaki 50. Majike 10 yatatupatia 500. Sasa tuseme ukingo umelimwa mpaka majini. Hakuna majani. Mayai yameanguka chini, yamefunikwa na tope, hayakupata hewa. Katika kila 100 hakupona hata mmoja.

25 × 0 = 0

Jike ni lile lile, mayai ni yale yale. Kilichobadilika ni ukingo.

6. KENGELE YA MTONI

Mwaka 1938 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Austria, Karl von Frisch, alieleza jambo la ajabu kuhusu visamaki wa Ulaya walio katika kundi hili hili kubwa. Aliona kwamba kisamaki mmoja akijeruhiwa, ngozi yake inatoa kitu fulani majini. Wenzake wakikinusa tu, wanashtuka, wanajificha. Ni kama mtu anayepiga yowe kijiji kikatoka. Mwaka 1973 mtaalamu huyo alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel, kwa kazi ya kuchunguza tabia za wanyama.

Kwa hiyo pua ya kisamaki si ya kutafutia chakula tu. Ni ya kusikilizia hatari. Tuliweke jambo hilo akilini, maana tutalirudia hivi punde.

7. MAMBO YANAYOMWUA

La kwanza: dawa za shambani. Wakulima wa kahawa tunajua adui wawili, chulebuni na kutu ya majani. Kwa miaka mingi tumepigana nao kwa dawa zenye shaba, kama mrututu wa buluu. Dawa hizo zimetusaidia. Lakini shaba ndani ya maji ni sumu kali kwa samaki. Inaharibu mashavu anayopumulia. Tena wataalamu wamegundua kwamba hata shaba kidogo, isiyotosha kumwua, inaharibu pua yake. Sasa tukumbuke ile kengele. Kisamaki huyu yu hai, anaogelea, lakini kengele ikilia hasikii. Mdiria anajiokotea tu.

Dawa zinazowekwa katika vyandarua nazo ni hatari sana kwa samaki. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kisifuliwe mtoni. Kifuliwe ndani ya beseni, na maji yamwagwe shimoni, mbali na mto na kisima.

La pili: maji ya kumenyea kahawa. Maganda na utelezi wa kahawa vikimwagwa mtoni vinaoza. Kuoza kunakula hewa iliyomo ndani ya maji. Samaki anakosa pumzi kama mtu aliyefungiwa katika chumba chenye jiko la mkaa.

La tatu: udongo. Tukilima mpaka ukingoni, mvua moja inashusha udongo mwekundu. Tope linafunika mayai, linaziba mashavu. Nasi tunapoteza mboji tuliyoilipia kwa jasho.

La nne: mto kukauka. Wazee wetu Wachaga walichimba mifongo kwa akili nyingi, na mpaka leo inamwagilia vihamba. Lakini kiangazi kila mmoja akichukua maji yote, huko chini mto unakuwa mnyororo wa madimbwi. Visamaki wanabanana humo, maji yanapata joto, hewa inapungua, ndege wanamaliza waliobaki. Na jirani wa tambarare hana maji ya mpunga wala ya kunywa.

La tano: uvuvi mbaya. Chandarua kikiburutwa ukingoni kinakomba wazazi, watoto na mayai kwa pamoja. Sumu na baruti ndiyo mabaya zaidi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavikataza.

8. MAZUNGUMZO

Someni mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili wawili. Tumeyatunga sisi, lakini jambo lenyewe mnalijua.

Mjukuu: Shikamoo, babu.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Toka hapo mfongoni. Nasuuza bomba.

Mjukuu: Kwani bomba lina nini?

Babu: Lina dawa ya chulebuni. Usije ukanywa haya maji.

Mjukuu: Sinywi, babu. Lakini haya maji si ndiyo yanayokwenda mpaka kwa shangazi, kule Kahe?

Babu: Ndiyo hayo hayo.

Mjukuu: Na shangazi ameambiwa asinywe?

Babu: (Ananyamaza.) Lete ile ndoo. Tutasuuzia shambani.

Babu huyu alifanya vizuri. Njia yenyewe ni hii: tia maji kidogo ndani ya bomba, tikisa, kisha pulizia maji hayo juu ya mikahawa ile ile. Rudia mara tatu. Dawa yote imebaki shambani ulikoinunulia kazi, wala hakuna tone lililokwenda kwa shangazi. Kopo tupu la dawa lisitumike kutekea maji wala kuwekea mafuta.

9. "LAKINI KIHAMBA CHANGU NI KIDOGO"

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hatua moja ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Kwa hiyo mita 60 ni hatua 80 hivi.

Kihamba cha nusu ekari, kikiwa mraba, kina kama mita 45 kila upande. Mwenye kihamba hicho kando ya mto atasema: "Hizo mita 60 zimekimaliza chote. Nile nini?" Hasemi uongo. Ardhi ya mlimani imegawanywa baba kwa mwana mpaka imekuwa vipande.

Sisi hatumdharau mtu huyu. Tena hatumwambii sheria ni ya kuchezea. Tunamwambia aanze leo na lile lililo mikononi mwake, halafu akae na wenzake na viongozi kutafuta njia. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanza kazi kama ofisi ya bonde mwaka 1991, makao yake yako hapa hapa Moshi. Zipo pia jumuiya za watumia maji. Mahali pa kuuliza pako.

La kuanza nalo leo ni hili. Sehemu inayogusa maji isiguswe na jembe. Iachwe na majani yake, matete yake na miti yake. Majani hayo yanakatwa kwa zamu kulishia ng'ombe, hayang'olewi. Kwa hiyo ukingo haukai bure. Unalisha mifugo, unashika udongo, unachuja dawa na tope, na unalea mayai ya visamaki.

Tena kuna msaada kwa mkulima wa kahawa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungo imetoa aina za mikahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Mkahawa wa namna hiyo unapunguza kupulizia. Mwenye mikahawa ya zamani amwone bwana shamba, waongee juu ya kuibadilisha kidogo kidogo.

10. KUUSOMA MTO

Ndugu wasomaji, sisi tuliohitimu kisomo tunajua furaha ya kutambua herufi ambazo jana zilikuwa mikwaruzo tu. Mto nao unasomeka. Nenda ukingoni asubuhi, usimame kimya kwa dakika kumi, uwe na jua mbele yako ili kivuli chako kisiingie majini.

Ukiona makundi ya visamaki, wakubwa kwa wadogo, hiyo ni habari njema. Wanazaa na wanakua.

Ukiona wakubwa tu, bila wachanga, uliza habari za ukingo. Huenda hawana mahali pa kuweka mayai, au kuna mtu anawakomba watoto kwa chandarua.

Ukiona wameelea juu wakihema midomo wazi alfajiri, maji yamekosa hewa. Tafuta kilichomwagwa huko juu.

Ukiona wamekufa wengi kwa siku moja, usiwaokote kuwala wala kuwauza. Usinywe maji hayo, wala usiyanyweshee mifugo. Mwarifu mwenyekiti wa kijiji mara moja, na afisa uvuvi, yule ambaye wengine bado humwita bwana samaki.

Mahali ambapo visamaki walikuwepo miaka yote na sasa hawapo, jambo limetokea. Lakini tusikimbilie kumlaumu jirani. Mto wa juu wenye baridi na kasi hauna visamaki hawa kwa asili yake. Dimbwi lililokauka mwaka jana laweza kuchukua muda kabla hawajarudi. Ndiyo sababu tunasema someni mto mara kwa mara, si siku moja. Andikeni tarehe na mlichokiona. Daftari la mwaka mzima lina nguvu kuliko maneno ya siku ya mkutano.

Yule mama aliyesema kisamaki hana jina kwa sababu hatoshi kitoweo alisema kweli kwa upande mmoja. Mmoja hatoshi kitoweo. Lakini maji anayoyanywa kisamaki ndiyo tunayoyanywa sisi, naye anayanywa kwanza. Yakimshinda yeye, tujue zamu yetu iko njiani.

MANENO YA KUKUMBUKA

Ukingo: sehemu ya nchi kavu inayopakana na maji.
Sharubu: nyuzi za nyama kinywani mwa samaki, za kupapasia na kuonjea.
Mrututu: dawa ya shaba, rangi ya buluu.
Chulebuni: ugonjwa unaooza matunda mabichi ya kahawa.
Viluwiluwi: watoto wa mbu wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kisamaki wa sharubu anatofautianaje na perege katika kulea mayai?
2. Kwa nini tumesema nyumba ya kisamaki ni ukingo, si mto mzima?
3. Majike 6 yana mayai 2,500 kila moja. Wakipona 2 katika kila 100, tutapata visamaki wangapi?
4. Pimeni kwa hatua kutoka ukingo wa mto wenu mpaka shamba la kwanza. Ni hatua ngapi? Je, zinafika 80?
5. Katika kijiji chenu mabomba ya dawa yanasuuzwa wapi? Maji hayo yanakwenda kwa nani?
6. Mwenye kihamba kidogo kando ya mto asaidiweje, ili ukingo upone naye apate chakula? Jadilini, kisha andikeni mapendekezo matatu ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji.

KAZI YA MIKONO

Chukueni chupa mbili za kioo zilizo safi. Moja ijazwe maji ya mto mahali penye majani ukingoni, nyingine mahali palipolimwa mpaka majini. Fanyeni hivyo siku moja baada ya mvua. Ziacheni zitulie mpaka kesho yake. Pimeni kwa rula unene wa tope lililotuama chini ya kila chupa, mwandike. Kisha mjiulize: yai dogo kuliko punje ya ulezi lingeponaje chini ya tope hilo?